Madume Vipofu wa Lucky Summer

Kanisani, Koki alikuwa akikaa benchi la mwisho peke yake. Hakuna aliyemfukuza. Wanawake wenzake walisogea tu, mmoja mmoja, mpaka benchi likabaki lake na Biblia yake. Alinuka pombe. Hakuwa ameonja hata tone maishani mwake, lakini harufu ilimshika nywele, ikamshika kucha, na sabuni ya mche haikuwahi kuishinda. Wakati mmoja wazee wa kanisa walimtembelea nyumbani ili wamwombee aache ulevi. Aliwapikia chai, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawapeleka nyuma ya nyumba awaonyeshe mapipa. Wazee wakaona haya, wakaaga haraka. Jumapili iliyofuata benchi lilikuwa tupu vilevile.

Yale mapipa yalikuwa ya machicha. Upande wa mtaa wa Baba Dogo palikuwa na kiwanda cha pombe kali. Kilipika mahindi na mtama, kikatoa kilevi chake, na masalio yakamwagwa nje kwa bomba, mazito kama uji, yakifuka mvuke. Wenye ng'ombe wa mitaa ile walipanga foleni alfajiri kuyachukua. Koki alipokea mapipa yake saa moja asubuhi kutoka kwa mkokoteni, akayachota kwa ndoo, akayachanganya na nyasi kavu zilizokatwakatwa, akaongeza chumvi, akajaza hori. Madume kumi na mmoja walimsubiri wakipumua juu ya ukuta wa mabati. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kuungua mpaka viwikoni, kwa kuwa machicha huwa bado yanachemka katikati ya pipa hata juu yakiwa yamepoa.

Ng'ombe hawakuwa wake. Walikuwa wa Ndolo, shemeji yake.

Marehemu mumewe, Muasya, alikuwa mchongaji kule Pumwani, fundi wa twiga na vifaru wa kuuzia wageni. Yeye na mdogo wake Ndolo, aliyekuwa dereva wa lori, walinunua kiwanja katika mtaa wa Lucky Summer kwa kuchangiana. Jina lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa la Ndolo, maana Ndolo ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuzungukia maofisi. Vumbi la mbao lilimmaliza Muasya kifua. Walipotoka kumzika kwao Kathiani, Ndolo alimwita Koki sebuleni, akamkaribisha kiti.

"Mama Kavinya," alimwambia, "mimi sikufukuzi. Mimi si mtu mbaya. Lakini hapa kila mtu ana kazi yake."

Ndolo hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hata alipokuumiza, aliumiza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekueleza jambo kwa faida yako. Koki alipewa chumba cha mabati kinachopakana na zizi. Binti yake, Kavinya, akahamishiwa nyumba kubwa pamoja na watoto wa Ndolo, kwa sababu kule kulikuwa na stima na meza ya kusomea. Msichana alipofaulu na kuitwa chuo cha uuguzi, Ndolo ndiye aliyelipa karo. Alilipa muhula kwa muhula, na kila mara alimpa Kavinya risiti aipeleke kwa mama yake akaione, kisha airudishe.

Miaka sita Koki alilisha ng'ombe, na ukweli ni kwamba aliipenda kazi ile. Madume walishushwa kutoka Kitui na Garissa wakiwa mifupa mitupu, makalio yamebonyea, macho yamejaa nzi. Baada ya miezi mitatu mikononi mwake, migongo ilikuwa mipana hata ungeweza kuweka sinia la chai juu yake lisimwagike. Alijifunza peke yake. Aliangalia mavi kila asubuhi. Yakiwa mepesi na ya kijivu, alipunguza machicha na kuzidisha nyasi. Akimwona dume amesimama miguu imekaa vibaya, alijua tumbo limechacha, akamnyima chakula nusu siku. Wafugaji wengine walipoteza wanyama kwa tumbo kufura. Koki hakuwahi kupoteza hata mmoja.

"Usiwape majina," Ndolo alimwonya tangu mwanzo. "Jina ni la kitu unachokaa nacho."

Hakuwapa majina. Aliwaita wote "baba". "Haiya, baba, sogea." Katika kundi la mwisho, mmoja tu, mwekundu aliyepasuka sikio, alikuwa akiinua kichwa na kumfuata kila aliposikia neno lile, hata hori likiwa limejaa.

Kisha ukaja mwaka wa ukame, na nyasi zikawa ghali kuliko unga. Ndolo alikuja zizini asubuhi moja, akasimama mbali kidogo ili viatu visichafuke.

"Kuanzia leo hakuna nyasi. Machicha peke yake."

"Shemeji, ng'ombe bila nyasi hacheui. Tumbo lake litaoza akiwa hai."

"Lakini atanenepa?"

"Atanenepa mwezi mmoja, halafu..."

"Mwezi mmoja unanitosha. Abdirizak anakuja kuchukua wote kabla ya Idi. Zimebaki wiki tano."

Abdirizak alikuwa mnunuzi wake mkubwa, mtu wa Eastleigh, aliyenunua kwa macho na kwa mkono na hakuwahi kubishania bei ya mnyama mzuri. Ndolo alimheshimu kuliko alivyomheshimu mchungaji.

Koki alitii. Jioni hiyo alikusanya majani ya migomba na maganda ya mahindi sokoni, akayaficha chini ya machicha, ili kila mnyama apate angalau kitu cha kutafuna. Ndolo aliyaona siku ya tatu. Aliyaokota moja moja kutoka kwenye hori, akayaweka mlangoni kwa Koki, akaenda zake.

Wiki ya pili machicha yalibadilika. Katika foleni watu walinong'ona kwamba kiwanda kimeanza kuosha mitambo yake kwa tindikali, na maji ya kuoshea yanaishia kwenye bomba lilelile. Koki hakuhitaji kuambiwa. Madume walipobeua, pumzi yao ilinuka mayai yaliyooza, harufu ya kukata koo.

Wa kwanza alikuwa dume mweusi mwenye nundu kubwa. Koki alimkuta amekandamiza paji la uso ukutani, miguu ya nyuma ikisukuma, kama anayetaka kuingia ndani ya mabati. Alimvuta, akarudi. Alipitisha kiganja mbele ya jicho lake. Jicho lilikuwa wazi, safi, linang'aa, wala halikupepesa. Akapitisha tena, karibu zaidi, mpaka kidole kikagusa kope. Hapo tu ndipo mnyama alishtuka.

Hadi Ijumaa walikuwa watano, na mwekundu alikuwa mmoja wao. Walizunguka zizini upande mmoja tu, wakigongana, wakikanyaga hori, wakianguka na kuinuka. Habari zilienea mtaani. Watu walijaa kwenye ukuta wakiwa wameinua simu.

"Wamelewa hao! Cheki ile inapepesuka!"

"Mama, wapee supu watoe lock ya pombe ya jana!"

Mtu mzima, mwenye tai, alirusha jiwe ili aone kama dume atakwepa. Hakukwepa. Jiwe lilimpiga mdomoni. Kicheko kilivuma hadi barabarani. Video ilizunguka kwa jina la ng'ombe walevi, na Kavinya aliiona akiwa darasani, wenzake wakimwonyesha bila kujua kwamba mwanamke wa gambuti anayeonekana nyuma, anayejaribu kuwafukuza watu kwa ufagio, ni mama yake. Hakuwaambia.

Koki alimpigia simu Wabwire, daktari wa mifugo aliyekuwa akizunguka Kariobangi na Dandora kwa pikipiki. Wabwire alifika adhuhuri, akanusa machicha, akamnusa dume mdomoni, akatikisa kichwa.

"Hii ni salfa, kutoka kwenye tindikali ya kiwanda. Imezidi kwenye chakula. Ikifika tumboni inageuka hewa yenye sumu. Mnyama anaibeua, anaivuta tena puani, inaenda kumla ubongo. Macho yake ni mazima, mama. Kilichokufa ni kule ndani."

"Atapona?"

"Ukisimamisha machicha leo, ukawapa nyasi na sindano za vitamini siku tano, baadhi watapona. Ukiendelea, wote wataanguka."

Alikuwa na dawa ya kumtosha mmoja. Akauliza amdunge yupi. Koki alimwonyesha mwekundu bila kufikiri, na baadaye aliona aibu kwamba hakufikiri. Wabwire alimwachia chupa na sindano, akamwelekeza jinsi ya kumdunga kila siku.

Ndolo aliingia Wabwire akiwa bado ananawa mikono. Alisikiliza maelezo yote kwa utulivu, akaitikia "ndiyo, daktari" mara tatu, akamsindikiza mpaka langoni. Kisha akarudi, akasimama mbele ya Koki.

"Umemwita mtu nyumbani kwangu."

"Wanakufa, shemeji."

"Wakikonda wiki hii, Abdirizak hatawagusa. Wapo waliokataa kula?"

Wawili walikuwa wamekataa. Ndolo alileta jagi na bomba la plastiki. Alimwambia Koki ashike taya la dume mweusi, yeye ashike pembe. "Mwaga," alisema. Koki alisita. "Karo ya Kavinya nitaipeleka Jumatatu," Ndolo akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. "Mwaga."

Koki alimwaga. Dume alikohoa, akakoroma, machicha yakamtoka puani, na Ndolo akasema tena mwaga, naye akamwaga tena. Jagi saba. Asubuhi dume mweusi alikuwa amelala ubavu, miguu ikipiga kasia hewani, shingo imepinda nyuma hadi mgongoni. Alikaa hivyo mpaka saa tisa alasiri ndipo akafa. Ndolo alikataza asichinjwe mapema, kwa kuwa huenda angesimama.

Chupa ya Wabwire Koki aliifunga kwenye leso kiunoni. Kila siku, Ndolo akiwa ameondoka, alimdunga mwekundu shingoni na kumlisha majani aliyoyaficha chini ya kitanda chake mwenyewe. Siku ya nne alipitisha kiganja mbele ya jicho lake, na kope ikacheza. Kidogo tu. Koki alikaa chini kwenye mavi akalia.

Abdirizak alikuja siku tano kabla ya Idi. Ndolo alikuwa amejiandaa. Aliwapanga madume kumi mstari mmoja, wamebanana bega kwa bega, wamefungwa kamba fupi ili asiwepo wa kuzunguka. Vipofu aliwaweka katikati. Kwa kutazama haraka, lilikuwa zizi la kujivunia: migongo mipana, ngozi zinang'aa. Abdirizak alipita akibonyeza mbavu, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ndolo alitembea kando yake, akisimulia jinsi nyasi zilivyopanda bei mwaka huu.

Koki alikuwa amesimama kwenye hori na ndoo yake. Alikuwa ameambiwa asizungumze, naye hakuzungumza. Alifungua leso kiunoni, akasogea mpaka mbele ya dume wa tatu, akaipepea puani pake, kushoto, kulia. Dume hakutikisa hata sikio. Akaenda kwa wa nne. Akaenda kwa wa tano.

Abdirizak alisimama. Alimtazama Koki, kisha akanyoosha kidole chake mwenyewe hadi kwenye jicho la dume, akakishusha.

"Mnyama wa Idi lazima awe mzima," alimwambia Ndolo. "Kipofu hachinjwi. Na wewe ulijua."

"Hajj, ni vumbi tu, nita..."

"Mama, ahsante," Abdirizak alimwambia Koki, akatoka. Chai aliyoandaliwa ilibaki mezani.

Ndolo alitabasamu mpaka gari lilipopotea. Hakumgusa Koki. Asubuhi yake vitu vyake vilikuwa nje ya lango: godoro, sufuria, sanduku, na twiga mmoja aliyechongwa na Muasya, shingo imevunjika wakati wa kutupwa. Kavinya alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyumba kubwa, amevaa sare ya chuo.

"Mathe," alisema, "kati yangu na ng'ombe, ulichagua nani?"

"Mwanangu, walikuwa wanateseka."

"Ng'ombe ni ng'ombe! Mimi je? Ankol amesema halipi tena. Miaka miwili imebaki. Ungefunga tu mdomo siku moja."

"Sikufungua mdomo."

"Ungekaa tu na hiyo leso yako kiunoni." Akaingia ndani.

Koki alihifadhiwa na jirani, mshonaji aitwaye Lela, mwanamke wa Majengo aliyekuwa amehamia Lucky Summer kwa mumewe. Alikaa huko siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Kavinya alikuja mlangoni. Hakuketi.

Ndolo alikuwa amepata wanunuzi wengine, wale wanaochukua ng'ombe aliyeanguka bila kuuliza kimemwangusha nini. Lori lilikuwa limefika, lakini madume hawakukubali kupanda. Sasa karibu wote walikuwa hawaoni ngazi ya mbao, wakawa wanarudi nyuma na kupigana na kamba. Mmoja alikuwa ameshavunjika mguu kwa kupigwa na chuma, na wanaume wawili walikuwa wameumia.

"Ankol anasema wanaijua sauti yako," Kavinya alisema akitazama sakafu. "Ukiwapandisha, atalipa mpaka nimalize. Ameniapia."

Lela aliacha cherehani. "Usiende, dada. Wallahi usiende."

Koki alimtazama binti yake muda mrefu. Alitaka Kavinya aseme mwenyewe asiende. Kavinya alitazama saa.

Alikwenda. Alisimama juu kabisa, ndani ya lori, ambako wanyama wangesikia sauti yake mbele yao. Wenye lori waliweka vyuma chini, wakawasha sigara. Koki aliita. "Haiya, baba." Masikio yakageuka. "Haiya, baba, sogea." Wa kwanza aliweka kwato kwenye mbao, akapapasa, akapanda. Alinusa gauni la Koki, akasimama kando yake kwa utulivu. Wa pili akaja. Wa tatu. Mwenye mguu uliovunjika alikuja akiuburuta, maana aliitwa.

"Huyu mama ni mchawi," mmoja wa wale wanaume alisema, wenzake wakacheka.

Mwekundu ndiye aliyebaki mwisho. Sindano za Wabwire zilikuwa zimefanya kazi yake. Alisimama chini ya ngazi, akainua kichwa, na Koki akaona kwamba anaona. Aliliona lori. Aliona damu ya mwenzake kwenye mbao. Alipiga miguu chini, akatanua pua, akakataa.

"Shemeji," Koki alisema kutoka juu, "huyu amepona. Mwangalie. Mwache huyu, umuuze akiwa mzima baadaye."

Ndolo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Alimtazama mwekundu, akamtazama Koki.

"Tulikubaliana wote," alisema. "Mwite."

Kavinya alikuwa langoni, mikono kifuani. Koki aliita. Mwekundu alimtazama usoni. Kisha akapanda, hatua kwa hatua, macho yake yakiwa kwake, akapita juu ya damu, akaja akamlamba kovu la kiwiko. Wakafunga mlango wa lori nyuma yake, Koki akashuka kwa kupitia dirisha la pembeni.

"Ahsante, Mama Kavinya," Ndolo alisema. "Sasa rudi ulikokuwa."

Ndolo alitimiza ahadi. Alilipa karo yote, hadi muhula wa mwisho. Katika hilo hakuna wa kumlaumu, na yeye mwenyewe hulisimulia kanisani. Mwaka uliofuata alileta madume wengine na mtu mwingine wa kuwalisha. Koki alihamia Dandora, akapata kazi ya kuosha mifuko ya plastiki inayookotwa jalalani, akitumbukiza mikono kwenye maji machafu tangu asubuhi hadi jua linapoinama. Kila mwisho wa mwezi alimtumia Kavinya kidogo kwa simu. Jibu lilikuwa moja daima: "Imefika."

Siku ya mahafali hakualikwa. Alisikia tarehe kwa Lela. Alisuka nywele, akaazima viatu, akanunua shada la karatasi zinazong'aa la kumvisha binti yake shingoni, akatembea tangu alfajiri hadi chuoni. Mlinzi langoni aliangalia orodha yake.

"Kavinya Muasya? Wageni wake ni wawili, na wote wameshaingia. Baba na mama."

"Mama ni mimi."

Mlinzi alimtazama, akatazama orodha tena, akaonyesha kwa kalamu. "Mama ameandikwa hapa, tayari yuko ndani." Lilikuwa jina la mke wa Ndolo.

Koki alisimama kwenye uzio pamoja na wauza soda. Kutoka pale aliweza kuona hema, na safu za kofia nyeusi, lakini si nyuso. Majina yalipoanza kusomwa alikaza masikio. Kipaza sauti kilikuwa kinakwaruza, upepo ukichukua nusu ya maneno. Aliposikia kitu kinachofanana na jina la mwanawe alipiga vigelegele kwa nguvu zake zote, mpaka muuza soda akamgeukia na kumwambia huyo aliyeitwa ni mwanamume.

Alisubiri. Walisoma majina mengi. La Kavinya hakulisikia.

Watu walipoanza kutoka, alimwona Kavinya katikati ya Ndolo na mkewe, amevishwa mashada manne, anacheka. Walipita umbali wa kama hatua ishirini. Kavinya aligeuka upande wa uzio, macho yao yakakutana, na kicheko chake kikasimama. Kisha akamshika Ndolo mkono na kumwelekeza kwenye lango lingine, la magari.

Koki alimpa muuza soda lile shada kwa ajili ya mtoto wake, akavua viatu vya kuazima visichakae, akaanza kutembea kurudi Dandora.